Pipa la Mashudu na Kapeti la Mama Hidaya

"Minza, hivi hiyo mashine unamtengenezea nani?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele mkononi, mimi niko chini ya pikapu ya baba, mgongo kwenye vumbi, na mimi ambaye chuoni niliwachosha wahadhiri kwa maswali mpaka mmoja akaniomba niwe nauliza mwisho wa kipindi, nikagonga bomba kwa spana ili kuwe na kelele. Ningemjibu siku ile, labda Bariadi nzima isingeniona nikigombania kapeti la harusi na ng'ombe, tena ng'ombe akashinda, na video ikazunguka kwenye simu za watu hadi Lagangabilili. Naona haya mpaka leo, lakini bora niisimulie mwenyewe, maana wengine wakisimulia wananiongezea chumvi (eti nilipanda juu ya maksai, sikupanda).

Pikapu ile baba aliiacha uani alipohamia Migato kwa mke wake wa pili, ambaye mimi namwita mama mdogo. Hakugombana na mtu. Alikwenda kulima msimu mmoja wa pamba, ukafuata mwingine, na siku moja nikagundua kwamba mama ameacha kumwekea chakula. Zamani alikuwa anawabebea watu pamba kwa gari hilo, nami nakaa mbele nimepakata chupa ya maji ya rejeta, kwa sababu rejeta ilivuja na kila kitu kingine kilikuwa na ugonjwa wake. Ufunguo wenyewe haukuzima injini. Ukitaka kuzima, unafungua boneti, unapitisha mkono nyuma ya betri na kuchomoa waya mmoja, ambao baba aliufunga kipande cha khanga ya mama ya zambarau ili tuutambue. Mafundi walihangaika nao bure. Tuliujua wawili tu, baba na mimi, na utotoni niliamini kwamba huo ndio urithi wangu.

Nilipomaliza chuo nikarudi nyumbani, kazi hakuna, nikaanza kuuliza kwa nini hapa mjini tunafua makapeti kwa kuyakanyaga kama udongo wa kufyatulia tofali. Mtandaoni nikaona wenzetu wana mashine imefungwa kwenye gari: injini ya gari inazungusha pampu, maji yanapata moto kwenye bomba la moshi, mpira mmoja unarusha maji ya sabuni, mwingine unayafyonza yakiwa machafu. Nikajiuliza, kigumu hapa ni kipi? Nikapata pampu ya kuoshea magari, nikapata feni kuukuu iliyokuwa inafyonza pamba kiwandani, fundi wa kuchomelea akaniunganishia huku akicheka. Likabaki pipa la maji, nalo nikalichukua kwa jirani anayenenepesha ng'ombe, alikuwa analowekea mashudu ya pamba na chumvi miaka yote.

Mama akalinusa. "Ng'wanone, mwanangu, pipa la mashudu halisafishwi kwa sabuni. Lisugue kwa majivu, lianike juani wiki nzima, halafu ulinuse tena."

"Ushahidi uko wapi, mama? Sabuni ni sabuni."

"Ushahidi ni pua."

Nikalisuuza mara moja basi. Nilikuwa na haraka, kwa sababu siku niliyoitaka ilikuwa ya mnada wa ng'ombe, na baba hakosi mnada. Nilimtumia ujumbe: "Gari lako linatembea na linafanya kazi. Siku ya mnada pita dukani kwa Mama Hidaya." Hakujibu. Baba hajibu ujumbe; anausoma, anarudisha simu mfukoni, na wewe unabaki kuangalia yako.

Mama Hidaya, muuza vyombo, alikuwa anamwoza binti yake wiki ile ile. Kapeti lake jekundu, alilonunuliwa na marehemu mumewe, ndilo wangekalia wageni wa nikahi. Akaniambia, "Nakupa kwa sababu umesoma. Ukiniharibia, nakuozesha wewe badala ya Hidaya." Akanionyesha uani kwake, pana saruji safi na geti la kufunga. Nikamwambia hapana Mama Hidaya, tulitandike huku mbele, kando ya barabara, mwanga ni mzuri. (Mwanga! Ng'ombe wote wa mnada wanapita barabara hiyo, na nyuma ya ng'ombe wanapita watu wa Migato.)

Asubuhi hiyo mashine iliwaka, na naomba mniamini, ilifanya kazi. Mstari wa kwanza niliopitisha uliacha kapeti jekundu kama siku lilipotoka dukani, watu wakasema "loo!", Mama Hidaya akapiga kigelegele kifupi cha majaribio. Mimi macho yangu yalikuwa barabarani, natafuta kofia ya baba ya kahawia kati ya kofia za waswaga ng'ombe. "Mwangaluka, mayu," wananisalimu wakipita, naitikia kila mmoja, na kila mmoja si yeye. Ndiyo maana sikunusa mapema. Maji yalishapata moto, na maji ya moto kwenye pipa lile yalikuwa yameamsha mashudu ya miaka yote pamoja na chumvi yake.

Maksai mmoja mweupe, ametembea tangu Sapiwi bila kula, akasimama. Akainua pua. Akageuka.

"We binti," mswagaji wake akauliza, "umepika nini humo?"

Kabla sijamjibu, maksai alishafika na kuanza kulamba kapeti, akafuata wa pili, akafuata ndama, na ulimi wa ng'ombe ni msasa, nyuzi zinang'oka naziona. Nikafanya jambo ambalo msomi hulifanya akiogopa: nikamwelekezea mpira wa maji nimfukuze. Kumbe nampa supu! Maksai akafungua mdomo. Watu wakaanguka kwa kicheko, mmoja akapaza sauti, "Hoteli ya ng'ombe imefunguliwa, karibuni!" Mpira ukanasa kwenye pembe, maksai akatikisa kichwa, pikapu ikayumba, pipa likapinduka na kumwagika lote juu ya kapeti, na hapo ng'ombe waliokuwa bado barabarani wakaamua kwamba mnada ni hapa.

Nikashika ncha moja ya kapeti navuta, ndama ameuma ncha nyingine anavuta, injini inanguruma, na ile feni ya pamba ikanasa mtandio wa Mama Hidaya, ikaanza kuumeza.

"Zima! Minza, zima!"

Nizimeje? Waya uko chini ya boneti, na mbele ya boneti kuna ukuta wa pembe na povu. Nilikuwa nalia, nacheka, navuta, sijui. Mara injini ikazimika. Feni ikauachia mtandio, ng'ombe wakatulia, waswagaji wakapata nafasi ya kuwaondoa kwa fimbo na miluzi. Baadaye niliukuta waya umechomoka, kipande cha khanga hakipo, nikajisemea ni maksai alivyoyumbisha gari. Mimi, ninayehoji kila kitu, hilo sikulihoji.

Nilisimama pale nimelowa mashudu hadi kwenye nywele, nikaangalia barabara mpaka vumbi la ng'ombe wa mwisho likatua. Kofia ya kahawia sikuiona. Kicheko cha watu kilipita kama mvua. Kilichoniuma ni kwamba hakuja.

Kapeti tulilifua upya, mimi na mama, kwa kulikanyaga kama udongo. Hakuniambia neno kuhusu majivu. Alisema tu, "Alikuwa na safari ndefu, pengine," na hakumtaja jina. Siku ya nikahi mjomba wa bwana harusi alinusa, akauliza kama humu ndani mnafuga, na Mama Hidaya akamjibu bila kupepesa, "Hiyo ni harufu ya mahari, shemeji. Tunawangoja ng'ombe wenyewe."

Mashine ninayo bado, ina pipa jipya, na inanilisha. Nafulia uani, geti limefungwa, na nimeapa siku ya mnada siiwashi hata kwa rais. Siku hiyo nakaa kibarazani tu, naangalia kofia.

Muda mrefu baadaye nilipata kazi ya kufua makapeti ya kanisa kule Migato, nikapita kwa mama mdogo kumsalimia. Baba alikuwa shambani. Mlangoni fimbo yake ya kuswagia ng'ombe imeegemezwa ukutani, na mpini wake umefungwa kitambaa kilichopauka. Mama mdogo aliona naishangaa.

"Ile?" akasema, akinisogezea kigoda. "Mwaka ule alirudi mnadani suruali imelowa povu hadi magotini, hata ng'ombe hakununua. Akakaa hapo hapo, akakifunga. Sijui alikitoa wapi, mwanangu, kipande cha khanga ya zambarau."