Chungu Kilichosimama Wima

Mtungi mpya ukitiwa maji kwa mara ya kwanza hutoa harufu ya mvua iliyoangukia vumbi la moto. Watu wengi huipenda harufu hiyo. Mimi hunibana kifua. Jana nilitia maji kwenye mtungi niliotoka nao sokoni Bunda, na kabla haujajaa nilikuwa nimekaa chini, mikono imelowa, nikiwa tena msichana mwenye udongo ndani ya kucha. Mwanzo huu nimeuandika na kuuchana, nikauandika tena, maana siwezi kuvumilia kitu chenye kasoro kitoke mkononi mwangu. Nisameheni. Ndiyo tabia iliyoniponza.

Enzi hizo Mwingereza alikuwa angali anatawala Tanganyika. Nilikuwa nimetoka kwetu, upande wa Butiama, nikapelekwa shule ya bweni ya wasichana nje kidogo ya mji wa Musoma, mahali ambapo upepo wa ziwa ulitutilia mchanga kwenye uji. Jumamosi hatukufanya hesabu. Kila msichana alijichagulia somo: kuimba, kushona, mazoezi ya viungo, kulea mtoto mchanga, au ufinyanzi. Uchaguzi huo ulininyima usingizi. Kuimba nilikuogopa, kwa sababu sauti yangu ilitetemeka. Mazoezi yalifanywa kwa kaptula, na miguu yangu ilikuwa kama ya korongo. Malezi yalifundishwa kwa mwanasesere mweupe asiyelia wala kukojoa, na wanafunzi wake walikuwa wasichana waliobeba wadogo zao mgongoni tangu walipoweza kusimama. Kushona kulijaa mapema. Nikaandikishwa ufinyanzi.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo kwetu halielezwi, linajulikana tu. Wahunzi na wake zao wafinyanzi tuliwaita Waturi. Vyungu vyao tulivinunua na kupikia, maji tulikunywa kwenye mitungi yao, tukalima kwa majembe yao. Lakini kuoana nao ilikuwa mwiko, na mtu asiyezaliwa Mturi hakushika udongo wa kufinyangia. Ilisemwa kwamba msichana akiushika, mama yake hatazaa salama. Nililijua hilo. Ila nilidhani makatazo ya nyumbani hubaki nyumbani, kama ng'ombe. Shuleni tulilala chumba kimoja, tukala sinia moja. Na Mwalimu Agnesi, aliyetufundisha ufinyanzi, alikuwa mtu wa Bukoba. Hakujua lolote, na hakuna aliyemwambia.

Nyabise, aliyelala kitanda kilichopakana na changu, alikuwa Mturi. Yeye alitaka kuimba. Akiimba akiteka maji, wenzake walisahau ndoo zao. Lakini Mwalimu Agnesi aliposikia kwamba mama yake alikuwa mfinyanzi, alifurahi mno, akamweka ufinyanzi bila kumuuliza. Maskini, hakuwa na mkono wa ufinyanzi kabisa. Kila alichofinyanga kiliinama upande mmoja.

"Nyabise, chungu chako kimekunywa nini leo?" wasichana walimtania.

"Kimetoka kunywa pombe kwa mjomba wako. Kiache kilale."

Mimi nilifinyanga kama mtu anayefukuzwa. Nikiona kidonge cha udongo kwenye mdomo wa chungu, nilikivunja chote na kuanza upya. Nilikisugua kwa kokoto ya ziwani mpaka kikang'aa. Siku moja Nyabise alinitazama kwa muda mrefu.

"Wakuru, kwenu wanajua?"

"Wanajua nini?"

"Kwamba unashika huu."

"Huu ni udongo wa shule," nikasema.

"Haya," akasema, akarudi kwenye chungu chake kilichoinama.

Mwishoni chungu changu kimoja kilitoka motoni bila ufa, kimesimama wima, mdomo duara. Nilikiamkia asubuhi kama mtu. Kisha ikatangazwa siku ya wazazi, watu waje waone kazi zetu.

Mama alikuja na bibi, aliyemzaa baba. Mama alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Watoto wawili walionifuata mimi alikuwa amewazika, kwa hiyo alitembea taratibu, kama mtu aliyebeba moto kwenye kigae. Tulikuwa tumesimama nyuma ya meza, kila mmoja mbele ya kazi yake. Nilipowapungia mkono, Nyabise alifuata macho yangu mpaka langoni. Ghafla akaacha chungu chake, akanisukuma kwa kiwiko.

"Nenda kwa washonaji," akaninong'oneza. "Haraka. Hiki ni changu."

Nilibaki nimeduwaa. Bibi akawa amefika mezani.

"Huyu fundi ni nani?" akauliza, akikitazama chungu. "Nani amekifinyanga?"

"Mimi, bibi," akasema Nyabise.

Damu ilinipanda. Niliona kazi yangu yote inachukuliwa na mtu aliyeshindwa kufinyanga hata bakuli.

"Mwongo!" nikapiga kelele. "Ni changu! Chake ni kile kilichoinama!"

Wasichana wakacheka. Bibi hakucheka. Alimshika mama mkono, akamvuta nyuma kama unavyomvuta mtu aliyekaribia ukingo wa shimo.

"Mama Wakuru, usimsogelee."

Mama hakukitazama chungu. Alitazama mikono yangu.

Siku hiyohiyo nilibeba sanduku langu. Nyumbani alichinjwa mbuzi, nikaoshwa mikono kwa yaliyotoka tumboni mwake, wazee wakasema maneno yao. Mvua zilipoanza mama alijifungua. Mtoto hakulia. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyenipiga. Mama alinipakulia chakula kama siku zote, ila alianza kukiweka chini badala ya kunipa mkononi. Habari ya shule haikutajwa tena. Nilichojua baadaye nilijifundisha mwenyewe, kwa vipande vya magazeti alivyofungia sukari mwenye duka pale Bunda, nikiviungaunga ili nipate mwisho wa habari.

Na katika miaka yote hiyo nilikuwa na mtu wa kumlaumu. Nilimwita mwizi. Niliona kwamba kama Nyabise asingetamani chungu changu, nisingepiga kelele.

Jana sokoni nilimwona amekaa nyuma ya mitungi yake. Yote ilikuwa imeinama.

"Bado inalewa," nikasema kabla sijajizuia.

Akainua uso. "Ala! Wakuru! Ulikuwaga unasugua mpaka udongo unaomba msamaha."

Tulicheka. Nikamuuliza alimaliza lini shule. Hakumaliza. Baada ya siku ile wazazi wengine walikuja kuulizia binti zao, ufinyanzi ukafungwa, na wenzetu wakaacha kula naye sinia moja. Hakufukuzwa na mtu. Alikula peke yake kwenye ngazi ya jikoni mpaka akachoka, akaenda kwao.

"Na kuimba?"

"Ningeimba na nani?"

Nikamuuliza kwa nini alisema chungu kile ni chake. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

"Mimi kingenifanya nini? Nimezaliwa humo. Nilidhani utanyamaza tu."

Mimi nilidhani ule mpaka kati yetu na Waturi uliishia kwenye lango la shule. Nyabise alikuwa amelala nao, amekula nao, na alijua hasa ulipopita, kwa sababu ulipita juu yake. Siku ile alikuwa anausogeza kidogo kwa kiwiko ili mimi nibaki upande salama. Mimi nilichokiona ni chungu.

Mtungi wake sasa uko pembeni mwa chumba changu, umeinamia mlango. Mikono inaniwasha kutafuta kijiwe cha kuutegemeza. Leo asubuhi mama, aliyekuja kunitembelea, alikunywa maji yake, akafuta mdomo.

"Matamu," akasema. "Nani ameufinyanga?"

"Nyabise," nikasema.

Aliutazama mtungi. Kisha akaninyooshea kikombe nimwongeze, na nilipokipokea hakukiachia upesi.