Ndege ya kisiwa hadi kisiwa niliyoingoja juu ya Mau Narok

Wakuu wa humu, salamu. Mimi ni shosho wa miaka tisini na kitu. Shule niliacha nikijua kusoma tu, lakini hii ni yangu, niliiona na macho haya. Asiyeamini apite.

Jana nimeuliza simu: kutoka uwanja wa ndege wa kisiwa cha kule Lamu mpaka kisiwa cha Ziwa Victoria ni mbali gani?

Ikasema kilomita kama mia nane, ndege ndogo masaa matatu hivi. Mstari wake unapita hapa hapa Mau.

Nikalia. Kumbe hesabu yetu ilikuwa sawa.

Miaka ya hamsini, wakati wa Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, mume wangu alishikwa hapa shamba la mzungu, akafungiwa kisiwa cha Lamu. Aliniacha na mimba.

Nikazaa msichana. Kwa mila yetu Wakikuyu nikampa jina la mama ya mume. Kwa hivyo kwa mume wangu huyo mtoto alikuwa mama yake, na hakuwahi kumwona.

Siku moja mpishi wa mzungu akasikia mezani: watu wa Lamu wanahamishwa kisiwa cha ziwa.

Sisi watu wa milima tukasema watapelekwa na ndege tu. Mtu atoke maji aingie maji, apitie wapi kwingine?

Basi kila ndege ikinguruma, natupa kikapu cha maua ya pareto, namwinua mtoto juu, namwita mume wangu. "Ona mama yako!"

Nyapara anacheka. "We mama, hiyo ni ya bwanako? Rudi kazi!"

"Ni ya baba ya huyu. Wewe baba yako yuko wapi, jikoni kwa mzungu?"

Wenzangu walikuwa wakienda soko la Nakuru na lori la pareto. Mimi nilikataa. Nikienda, ndege si itanipita?

Emergency ikaisha. Watu wakarudi, yeye hapana. Akaja mwenzake aliyefungwa naye, amekonda kama fito. Nikamuuliza, ndege ilipita juu yetu?

"Ndege gani, mama? Tulikuja na treni, madirisha yamefungwa. Nakuru ikasimama kuweka maji. Bwanako akaweka mdomo kwa ufa, akaita wamama wa kuuza mayai: 'Kuna mtu wa Mau Narok hapo?' Wakanyamaza."

Homa ilimmaliza mume wangu huko ziwani. Kaburi hakunionyesha, hata yeye hakulijua.

Huyo msichana nimemlea na mikono hii, leo ni shosho pia. Kwa hilo najivunia, siombi mtu pole.

Lakini ndege ikipita sitoki nje.

Nimejifunza hivi: ukingoja mtu, usichague wewe njia atakayopitia.

Sasa semeni nanyi. Na kama shosho yako aliuza mayai stesheni ya Nakuru enzi hizo, muulize kama alisikia mtu akiita. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa.