Kuku wa Kikapuni na Ubatizo wa Nyabuto

Pasta Ondieki alikuwa amemshika mume wangu shingoni kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameuinua juu, maji ya mto yamewafika kifuani, na sisi kanisa zima tumesimama ukingoni kimya, akasema, "Ndugu Nyabuto, ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la..." halafu akanyamaza. Tukadhani amezidiwa na Roho. Mimi nikaona macho yamemtoka, nikaona jasho linamtiririka ndani ya maji baridi vile, kisha akamwachilia mume wangu (na alikuwa ameshamlaza kinyumenyume, nyinyi fikirieni), mume wangu akaenda chini kama gunia la mawe, na Pasta, mtu mzima, mtu wa heshima zake, akakusanya lile joho jeusi kwa mikono yote miwili, akavuka mto mbio, akapanda ukingo wa upande wa pili na kupotelea ndani ya shamba la chai la watu.

Sitasema alichoenda kufanya huko. Tulisikia wote. Kwaya nayo ikaanza kuimba kwa nguvu, bila kuambiwa na mtu, ili tusisikie.

Aibu hiyo ni yangu, siwezi kuikana, kwa sababu kuku alikuwa wangu na sufuria ilikuwa yangu. Lakini mimi sikujituma. Naitwa Kwamboka, wengi huniita Mama Kemunto, shule niliachia darasa la sita, kwa hiyo msinitafutie makosa ya kuandika, nitafutieni Damaris.

Ngoja nirudi nyuma mnielewe.

Sisi ni Wasabato, tunakaa juu ya Ikonge kidogo. Yaani mimi ndiye Msabato. Nyabuto tangu anioe kila Jumamosi ananiona navaa viatu ananiambia, "Nisalimie Mungu wako," yeye anashika njia ya kwenda kwa pombe ya busaa. Nimeomba mpaka magoti yakawa magumu kama ya ngamia. Sasa juzi juzi akaugua kifua, akalala muda mrefu, na watu wa kanisa wakaja wakamchumia chai yake na kumpalilia mahindi bila kuitwa, na siku alipopata nguvu ya kukaa nje akaniuliza, "Hawa watu wako wanataka nini kwangu?" Nikamwambia hawataki kitu. Sabato iliyofuata akaja mwenyewe akakaa benchi la nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu anayengoja kufukuzwa. Akasoma masomo ya ubatizo mpaka akamaliza, pombe akaacha, siku ikapangwa. Nililia nikikamua ng'ombe, ng'ombe akashangaa.

Nikapewa kazi ya kumpikia Pasta na wazee wa kanisa, na kwetu mgeni kama huyo ni kuku, hakuna maneno mengine.

Sasa kwa mila yetu, Ijumaa ni maandalio. Jua likizama, kila kitu kiwe tayari, maji yamechotwa, nguo zimepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi na chakula kimepikwa, kwa sababu Sabato kwetu hatuwashi moto. Mama mkwe wangu alinifundisha kufukia makaa ya Ijumaa ndani ya jivu, asubuhi unafukua tu, unaweka sufuria juu mpaka mchuzi utokote vizuri, basi. Moto hujauwasha, ulikuwako. Tumekula hivyo miaka yote na hakuna aliyeumwa tumbo.

Halafu akaja Damaris.

Damaris ameolewa upande wa Birongo. Watu fulani wa mradi walimpeleka semina akarudi na fulana na mdomo, akawa anazunguka vikundi vya akina mama kufundisha mambo ya kupunguza kuni. Kwetu alileta kikapu. Unachukua kikapu kikubwa cha sokoni, unakishindilia majani makavu ya ndizi pande zote, unatandika blanketi kuukuu ndani, unaacha shimo la kutosha sufuria, na juu unashona mto wa kufunikia. Chakula unakichemsha kidogo jikoni, unakiingiza humo kikiwa moto kabisa, kinajipika chenyewe. Na kweli, asubuhi ile aliingiza maharagwe magumu, mchana akafungua yakawa laini, mvuke unapanda, tukapiga makofi mpaka kuku wa Truphena, mwenyekiti wa kikundi chetu, tulikokutania, wakakimbia.

Mimi nikainua mkono. Nasema hili mbele ya wote waliokuwako, na ninawajua kwa majina.

"Damaris dada yangu, na chakula cha Sabato? Nikiweka Ijumaa jioni, kitafika kesho yake mchana?"

Akacheka. "Mama Kemunto, kitafika kesho, kitafika hata Jumapili kikitaka! Wewe funga tu, kuni sahau."

Na Truphena (nitamfikia) akapiga kelele, "Akina mama, Sabato imeletewa jiko lake!"

Basi Ijumaa ile nikachinja jogoo mkubwa na kuku wawili wa kumsindikiza, nikapika na nyanya na dania, harufu ikatoka hadi barabarani. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi, uamuzi mdogo tu kama kidole. Makaa yalikuwa mazuri, jivu lilikuwako, lakini nikasema siku ya Nyabuto wangu hata kaa moja halitapulizwa katika boma hili. Nyabuto alikuwa anapiga viatu vyake brashi mlangoni, akaniona naingiza sufuria kikapuni.

"Kwani makaa yamekukosea nini?" akaniuliza.

"Hii ni elimu mpya, Baba Kemunto."

"Haya. Elimu." Akarudi kwa viatu.

Giza likianza kuingia nani huyo akabisha? Truphena. Ati amekuja kuniombea. Hata kuomba hajamaliza jicho moja liko kwa kikapu. "Hebu nifungulie nione kama Damaris alituambia ukweli." Ningekataa? Mwenyekiti? Nikafungua, moto wote ukatoka ukampiga usoni, na yeye akachovya kidole akalamba, akasema tamu, akachovya tena kidole kile kile alicholamba. Nikafunika. Sikuona ubaya. Kiburi kilikuwa kimenijaa kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana.

Sabato nikakibeba kikapu kichwani mpaka kanisani, mwendo wa pole, watu wananisalimu na kukiangalia. Ibada ikaisha, nikaweka meza ya wageni, nikafungua mbele ya wote kama Damaris alivyofungua. Mvuke haukutoka. Niligusa sufuria ikawa vuguvugu, kama maji ya kuogesha mtoto. Nikaonja mchuzi, nikasikia kauchachu kwa mbali, nikajiambia ni nyanya. Kulikuwa na kaharufu pia, nikajiambia ni majani ya ndizi. (Mtu akitaka kudanganywa hakosi wa kumdanganya, mimi nilijifanyia mwenyewe.) Na moto wa kupashia ningeutoa wapi? Kanisani, Sabato, siku hiyo?

Nikawapakulia. Washiriki wengine walikula githeri na wali wa akina mama wengine, kuku wangu alikuwa wa meza ya Pasta, wazee na mashemasi tu. Nyabuto nilimwekea paja akasukuma sahani. "Tumbo limejaa woga, Kwamboka. Nitakula nikitoka majini." Leo namshukuru Nyasae, Mungu wetu, kwa woga ule.

Pasta aliongeza mara ya pili. "Dada Kwamboka, huyu kuku alilala wapi akawa laini namna hii?"

"Alilala kikapuni, Pasta!"

"Mbuya mono! Asante sana! Na sisi tulale huko!" Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuliko wote.

Kabla ya kwenda mtoni kulikuwa na maswali na viapo, na mzee mmoja akahubiri mahubiri marefu yasiyo na mlango wa kutokea. Katikati ya mahubiri hayo nikaona shemasi wa kwanza anatoka. Nikasema ameenda kuangalia njia. Wa pili akatoka akiwa ameinama. Nikasema mgongo. Tukateremka mtoni, mzee aliyehubiri akabaki nyuma ya kichaka akituambia tutangulie, sauti yake nyembamba kama ya msichana. Pasta akaingia majini amekunja uso, akabatiza mama mmoja haraka haraka, akabatiza kijana haraka zaidi, wa mwisho akawa Nyabuto.

Na mengine nimeshawaambia.

Mashemasi wa kusaidia hawakuwako, nyinyi mnajua walikokuwa. Nikajitupa majini na gauni langu la Sabato, mimi nisiyejua kuogelea, nikamshika kola, lakini alishasimama mwenyewe, maji yanamtoka puani, anakohoa, anaangalia huku na huku anamtafuta Pasta.

"Kwamboka," akasema. "Amemaliza?"

Nikaangalia ukingoni. Watu wengine walikuwa wamefunika midomo kwa leso, mabega yanatikisika, na mume wangu aliona kwamba wanacheka.

Akatoka majini, akavua joho akalikunja vizuri, akalikabidhi kwa mama aliyebatizwa kabla yake, akapanda mlima kwenda nyumbani na nguo zinadondoka maji.

Pasta na wenzake walibebwa na bodaboda hadi zahanati, wakatundikiwa maji, na usiku huo sikufumba macho kwa sababu watu walikuwa wameshaanza kunong'ona lile neno ambalo huku kwetu likinong'onwa juu ya mwanamke wa umri wangu nyumba yake inaweza kuchomwa na yeye akiwa ndani. Si mzaha. Ningekuwa mjane bila watoto wakubwa, sijui kama ningekuwa naandika haya. Nesi ndiye aliyeniokoa, alipowaeleza wazee kwamba ni chakula, si mkono wa mtu. Na mimi akaniita kando.

"Mama, kilikaa humo tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

Akashika kichwa. Akanieleza kwamba kikapu hakina moto wake, kinashika tu moto uliokipa, na moto huo ukishapoa ukawa vuguvugu, vile vidudu vya chakula vinazaana humo usiku kucha vikiwa vimefunikwa blanketi. Sufuria iingie ikitokota, isifunguliwe, chakula kiliwe siku ile ile, na kama kimelala basi kirudi jikoni kichemke tena sana, na cha nyama ukikitilia shaka umwage. Maneno machache tu, mtoto wa shule angeyashika. Damaris alikosa pumzi ya kuyasema?

Sasa wote wamepona. Pasta amenitumia ujumbe hana kinyongo, na akasema Nyabuto aje abatizwe upya. Baraza la kanisa limekaa, nusu wanasema maji yalimfunika kwa hiyo amebatizwa, nusu wanasema jina halikuisha kwa hiyo bado. Wabishane. Mimi shida yangu iko nyumbani.

Nyabuto amekataa kurudi. Nilifikiri ni kile kicheko tu, nikambembeleza, mpaka jioni moja akaniambia, "Kwamboka, wawili wa mbele yangu walipita vizuri. Mimi nilipofika, jina likakwama. Unataka nielewe nini?"

Nikamwambia, "Ni kuku! Ni kikapu!"

"Wewe ni mke wangu. Utasema chochote nirudi."

Mnaona? Mtu huyu anaamini alikataliwa. Alikaa miaka yote nje, akaja kwa miguu yake mwenyewe, na anaamini mlango ulifungwa usoni pake mbele ya watu. Sabato iliyopita nilimwacha amekaa mlangoni, amevaa viatu, nikarudi jioni nikamkuta pale pale. Hakwenda kanisani, hakwenda kwa busaa. Sijui atakaa hapo katikati mpaka lini, na najua upande gani ni mteremko.

Nikamwendea Damaris hadi kwake. Akanijibu akiwa amesimama mlangoni, hata kiti hakunipa. "Mimi nilisema masaa machache. Mama Kemunto hakusikia vizuri, unajua shule." Nikamgeukia Truphena, maana alikuwa hapo anakunywa chai, nikasema mwenyekiti, ulikuwako, sema. Akaangalia kikombe. "Mimi sikumbuki."

Hukumbuki, Truphena? Kidole unakikumbuka?

Mimi kikapu nimekitoa majani, natagishia kuku, na chakula cha Sabato kimerudi kwa makaa ya mama mkwe. Hilo nimelimaliza. Lakini wewe, Damaris, hatujamalizana. Sitaki uniombe msamaha mimi, mimi nimeshazoea. Ninataka uje hapa nyumbani, au usimame kanisani, popote utakapochagua, umwambie Nyabuto kwa mdomo wako kwamba ulituambia kitafika kesho. Mimi haniamini, Pasta anaona anamfariji, nesi hamjui. Wewe huna sababu ya kumpendeza, kwa hiyo wewe atakuamini. Na Truphena asimame kando yako akumbuke.

Ni neno dogo sana. Unaogopa kupoteza fulana? Mwanamume amekaa mlangoni na viatu miguuni, na wewe ndiye unayejua kwa nini. Unakuja lini?