Meno Kuelekea Ukutani

Mjomba wangu alikuwa mnoaji wa misumeno katika kiwanda cha mbao, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumsalimu mtu getini. Haikuwa kiburi. Maneno kwake yalikuwa kama kisima kirefu chenye kamba fupi: maji yalikuwamo, ila ndoo haikuyafikia. Watu wawili wakimsemesha kwa pamoja, au mashine ikinguruma karibu, alibaki kurudia maneno ya mwisho aliyoambiwa. Ukimuuliza, "Umeshiba?" alikujibu, "Umeshiba," hata kama tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Kiwandani walimwita Kasuku. Sisi tulioishi naye nyumbani tulikuja kupewa na daktari neno usonji, lakini wakati huo mjomba alikwishaota mvi.

Mama, ambaye ni dada yake, alitufundisha kanuni moja kabla hatujaanza shule: tusimuulize mjomba swali lenye jibu ndani yake. Tumwekee vitu viwili, tunyamaze, tungoje. Basi tuliweka mashati mawili, au sahani mbili, tukangoja. Mkono wake ulikuwa mkweli kuliko vinywa vyetu sote.

Msumeno wa kiwandani kwao ni mkanda mrefu wa chuma ulioungwa ncha kwa ncha, wenye meno upande mmoja. Kila jioni, mashine zikizimwa, mjomba aliining'iniza mikanda kwenye kulabu mmoja mmoja, akaigonga kwa nyundo ndogo na kusogeza sikio. Mkanda mzima ulilia kwa muda mrefu. Wenye ufa, hata ufa usioonekana kwa macho, sauti yake ilikatika ghafla. Ule mzima aliuacha meno yakiangalia nje, na wenye ufa aliugeuza meno yakaelekea ukutani. Hiyo ndiyo ilikuwa ripoti yake yote, na haikuwahi kukosea. Baba, aliyeendesha mashine kubwa kuliko zote, alikuwa akisema, "Shemeji yangu akigeuza meno, hata unipe ng'ombe na ndama wake, siugusi."

Kisha akaletwa msimamizi mpya. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda usafi, na alipenda kila jambo lisemwe kwa mdomo. Siku yake ya kwanza aliingia mapema katika chumba cha kunolea, akaona mikanda mingine imeangalia huku na mingine kule, akaipanga vizuri, yote meno nje, kwa nafasi zilizolingana. Mitatu kati ya hiyo jana yake ilikuwa imeelekea ukutani.

Mjomba alipofika alisimama mbele ya ukuta ule kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umehamishwa. Akanyoosha mkono kugeuza mkanda wa kwanza. Msimamizi akamshika mkono, kwa upole, wanasema, akamwambia kwamba sasa kuna utaratibu. Nje walikuwa wakijaribu injini. Wafanyakazi walikuwa wamejaa mlangoni wakingoja kupangiwa kazi.

"Huu ni mzima?" msimamizi akauliza.

Mjomba alimtazama mdomo. "Huu ni mzima," akasema.

Msimamizi akawageukia wengine. "Mnaona? Mtu anaongea vizuri tu. Nyinyi ndio mlimdekeza."

Wakacheka. Mpakiaji mmoja akasema kwamba leo Kasuku kapandishwa cheo. Baba hakuwapo, alikuwa uwanjani akichagua magogo.

Aliporudi alikuta mkanda ule umekwisha kufungwa kwenye mashine yake. Akauliza shemeji yake amesemaje, akajibiwa kwamba amesema ni mzima, tena kwa sauti. Baba akashangaa, lakini ukuta aliuona kwa macho yake: meno yote nje.

Mjomba akaenda kwenye swichi kubwa, akaizima. Msimamizi akaiwasha. Mjomba akaizima tena.

"Wewe unataka kazi au hutaki kazi?"

"Hutaki kazi," alisema mjomba. Wachache wakacheka, si wote.

Ndipo akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. Mjomba hakugusa watu. Siku ya harusi ya dada yake aliwapungia maharusi mkono kutoka mlangoni. Sasa akamshika Baba kiganja, akamvuta mbali na mashine mpaka kwenye chumba cha kunolea, akakibandika kiganja hicho ukutani, chini ya kulabu tupu ulikotolewa ule mkanda, akakikandamiza kwa nguvu. Baba akaelewa. Akageuka kuwaambia wasubiri.

Msimamizi alikuwa amechoka kusubiri. Alisimama mwenyewe mahali pa Baba na kusukuma gogo.

Baba anasema haukuwa mlio mkubwa. Ilikuwa sauti fupi, iliyokatika ghafla, ile ambayo kwa miaka kumi na tisa mjomba aliisikia peke yake. Msimamizi hakufa. Mkono wake wa kulia ulikatwa hospitalini, juu ya kiwiko.

Baada ya siku kumi mjomba aliitwa na kamati ya uchunguzi. Mama aliomba aingie naye, akaomba wamwekee mikanda miwili badala ya maswali. Wakamjibu kwa heshima kwamba kila shahidi huingia peke yake ili haki itendeke. Baba alikwisha kueleza habari za meno na ukuta, lakini utaratibu huo haukuwa umeandikwa popote kiwandani. Na watu kumi na wanne walisema walimsikia mjomba akijibu. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo.

Mama alikaa kwenye benchi la ukumbini, mlango ukiwa wazi kidogo.

"Ulimwambia msimamizi kwamba msumeno ni mzima?"

"Msumeno ni mzima."

"Na kumbe ulijua kwamba una ufa?"

"Una ufa."

Kalamu ikaandika. Kisha kiti kikasogea. Mama alimwona mdogo wake akiinuka na kuiendea kalenda iliyotundikwa nyuma ya mwenyekiti. Aliigeuza, picha ikaelekea ukutani, akasimama pembeni yake akingoja waelewe.

"Rudi ukae, mzee," mwenyekiti akamwambia.

"Ukae, mzee," alisema mjomba.

Walimwachisha kazi kwa barua ya mistari minne. Sasa kiwandani mikanda yote hutundikwa meno nje, kwa nafasi zilizolingana, na hakuna anayeigonga. Baba bado yuko kwenye ile mashine. Ana watoto watano na hajui kazi nyingine. Koti lake la kazi hulitundika kwenye msumari karibu na mlango wa nyumba yetu. Kila asubuhi, kabla hakujapambazuka vizuri, tunalikuta limegeuzwa, vifungo vimeelekea ukutani. Baba hulitazama kidogo. Kisha huligeuza, hulivaa, akaenda zake.