Kiti cha Mgeni, Mwika

Sitaki kusema kwamba msimamizi wangu wa chuo alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kujiamini, basi, na mimi pia najiamini, ndiyo maana hatukupatana. Mwaka wa mwisho wa masomo ya anthropolojia kila mwanafunzi alitakiwa kwenda kuishi na watu, awatazame, aandike. Nikasema naenda kwetu Mwika, kuandika jinsi wanawake wanavyofanya kazi pamoja kwenye shughuli. Akacheka. Kwetu nimeshazoea, akasema, sitaona kitu. Niende kwenye mashamba ya miwa kule chini, kwa watu nisiowajua. Nikakataa mara tatu. Mwishowe akakubali kwa sharti: nikae pembeni, daftari mkononi, nisiguse kazi ya mtu.

"Ukigusa, umeharibu," aliniambia.

Kosa langu kubwa katika utafiti ule ni kwamba hapo nilimtii.

Shughuli ya kwanza ilikuwa kipaimara cha binti wa jirani. Siku moja kabla, wanawake walikusanyika kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, cha mama mkubwa, mke wa kaka yake baba, kumenya ndizi. Mikungu imelala chini ya migomba, sufuria za kukodi zimepangwa, kila mtu amejipaka mafuta ya kupikia mikononi ili utomvu usimgande. Mimi nikasimama kwenye kona ya banda la ng'ombe, naandika nani amekaa karibu na nani. Nilijiona mtaalamu kweli kweli.

Mama mkubwa aliniona. Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kiti cha sebuleni, kile chenye kitambaa cha kufuma. Akakiweka mbele yangu, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake.

"Karibu mgeni," akasema. "Utakunywa soda gani?"

Kwa asiyetoka kwetu, huo ni ukarimu. Kwetu, binti wa nyumbani haletewi kiti siku ya kumenya ndizi, anapewa kisu. Anayeletewa kiti ameshaambiwa kwamba si wa hapo. Nilikaa kwa aibu, na soda nikainywa.

Kwa wiki mbili mama mkubwa alinifanya mgeni. Nikimwamkia shikamoo, ananijibu, "Marahaba mgeni, karibu ndani." Chai nikaletewa kwenye kikombe cha maua. Nikiuliza jambo lolote: "Hayo sisi hatuyajui, waulize wasomi wenzako." Na akina mama wengine wakamfuata yeye. Asipoongea na mimi, sikuwa na utafiti. Asiponirudisha, sikuwa na kwetu, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nikampigia msimamizi simu. Akafurahi! Huo umbali ni mzuri sana, akasema, uandike. Nilikata simu nikiwa na hasira ambayo hadi leo sijaimaliza. Nikatoka moja kwa moja hadi mwisho wa shamba letu, nikachuma jani la isale, lile tunalopanda mipakani na makaburini, nikalifunga fundo. Ukimpelekea isale mtu uliyemkosea, hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Hata mama mkubwa, Mlutheri asiyekosa ibada ya kwanza hata Jumapili moja, analiheshimu jani hilo.

Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nikampelekea isale kwa mikono miwili. Alilitazama bila kulipokea, nikadhani ndiye atakayekuwa wa kwanza kulikataa.

"Unajua kosa lako?"

"Nilisimama wenzangu wakifanya kazi."

"Na kuandika?"

"Na kuandika."

"Kuandika, andika tu, ndicho tulichokusomeshea. Ila ulitutazama kama hutujui."

Akalipokea jani, akalichomeka kiunoni kwenye kanga. Kisha akanipa mundu. "Kata. Ukimaliza ndiyo tuongee."

Tangu siku hiyo nilimenya, nilikata majani, nilichochea moto, na daftari likakaa kwenye mkoba hadi kazi iishe. Mama mkubwa aliongea hadi mkono ukaniuma kwa kuandika.

Msimamizi aliposoma rasimu, alizipiga mstari mwekundu kurasa zote za kiti na isale. Hayo ni mambo ya familia yako, akasema, si matokeo ya utafiti. Yaondoe, la sivyo hutasimama mbele ya jopo la watahini. Nikamrudishia kurasa zilezile, na safari hii nimeziweka mwanzoni. Tulivutana hivyo mwezi mzima, hadi mkuu wa idara akaamua nisikilizwe.

Siku ya jopo ilikuwa Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tunaandaa harusi Mwika, na nilimenya ndizi kuanzia asubuhi bila kujipaka mafuta. Sikusahau. Nilikusudia.

Msimamizi ndiye aliyeuliza kwanza.

"Tueleze mbinu zako. Wakati wanawake hawa wanafanya kazi, wewe ulikuwa umekaa wapi?"

Nikaweka mikono yote miwili juu ya meza, mbele ya karatasi zake. Utomvu ulikuwa umeganda kwenye vidole na chini ya kucha, mweusi, na sabuni ilikuwa imeshindwa kuutoa.

"Baada ya kile kiti sikukaa tena," nikamjibu.