Karatasi Zisizo na Majina

Mama Mpimaji, kama walimu walivyomwita, alizunguka shule miaka mitatu akiwapima watoto elfu mbili, ili ijulikane mtoto wa miaka saba kwa kawaida husoma maneno mangapi kwa dakika. Bintiye alikuwa miongoni mwao. Alisoma arobaini na moja. Mwaka uliofuata homa ikamchukua.

Miaka ikapita, viwango vilivyotokana na vipimo hivyo vikapitwa na wakati, na ofisi yake ikaamua kupima watoto wapya na kuchoma karatasi za zamani.

“Naomba ya mwanangu tu,” alimwambia karani.

“Lakini mama, hazina majina.”

Alizipekua kutwa nzima. Waliosoma arobaini na moja walikuwa hamsini na watatu, wala hakujua yupi ni wake. Karani akazifunga karatasi zote hamsini na tatu kwa kamba, akambebea hadi mlangoni.