Mbegu Niliyoisaga kwa Kukumbuka Kwetu

Kru, kru, kru. Jiwe juu ya jiwe, kisha kimya kidogo mama akijifuta jasho kwa kiwiko, kisha kru, kru tena. Mwanangu, nimesahau majina ya watu wengi niliokula nao sahani moja, lakini mama akisaga wimbi, yaani ulezi, asubuhi kule kwetu Samia, upande wa Busia, namsikia mpaka leo kama yuko nyuma ya ukuta huu. Sauti hiyo ndiyo iliyoniponza, na ndiyo iliyonilea. Ngoja nikueleze.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Niliolewa Mukuju, kwa Wajopadhola, na Othieno, kijana mpole aliyevunja mawe ya reli kule Tororo na kurudi nyumbani Jumamosi. Kutoka kwetu, mwamba wa Tororo ulikuwa kitu cha buluu, kama wingu lililochoka likaketi. Nilipofika karibu nikakuta kumbe ni jiwe, lina nyasi na mbuzi. Nilisikitika sana, usinicheke. Nilikuwa msichana wa ndoto, darasa langu la mwisho lilikuwa la tatu.

Mama aliniaga kwa kibuyu cha mbegu, wimbi letu jekundu. Akaniambia nizipande nikipewa shamba.

Na shamba nilikuwa nimeahidiwa. Desturi ya pale, bibi harusi hupika kwenye jiko la mama mkwe kwanza. Akilima shamba lake mwenyewe na likatoa mavuno, ndipo anapewa mafiga yake, na ndipo anakuwa mtu wa boma lile kweli. Lisipotoa, ataendelea kuokota kuni za jiko la mwingine, na watu wataanza kunong'ona kama ng'ombe waliopelekwa kwao hawakupotea bure.

Mama mkwe wangu tulimwita Mama Othieno. Mimi sikujua Kidhopadhola, yeye hakujua Kisamia, basi tulikutana katika Kiswahili cha sokoni, kile cha kuombea chumvi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, macho yake yameanza kuingia ukungu. Wifi yangu Akoth ndiye aliyekuwa na maneno ya wawili. Nikiunguza mboga kwa kuwaza, aliniambia masikio yangu nimeyasahau Busia, nitume mtu akayachukue.

Hakukosea sana. Nilipokuwa nikisaga nafaka ya boma, mikono ilikuwa Mukuju na mimi sikuwapo. Kisha siku moja, wote wakiwa kisimani, nilifungua kibuyu. Nilitaka kunusa tu. Nikachukua gao moja, la kujaa kiganja, nikaliweka kwenye jiwe, nikasaga. Harufu ikapanda, mwanangu, kwetu kote kukaja ndani ya kibanda kile: moshi wa jiko letu, kanga ya mama yenye unyevu, kuku wetu mmoja kilema. Nikapika uji mdogo, nikaunywa peke yangu nikilia kwa raha. Kesho yake nikasaga tena. Na keshokutwa. Kila mara nilijiambia bado zipo.

Mvua zilipokaribia, Mama Othieno alikuja na jembe begani, akanionyesha kipande changu kando ya kichuguu, tulichokuwa tumekilima mara mbili. Akaomba mbegu. Nikampa kibuyu. Akakitikisa sikioni, akakiinamisha juu ya kiganja. Zikatoka mbegu chache, hazikujaza hata kiganja cha mtoto.

Kwenda kwetu kutafuta nyingine sikuweza. Bibi harusi anayevuka kurudi kwao kabla ya mavuno ya kwanza huhesabiwa amekimbia. Nilisimama pale nikiona mafiga yangu yanaondoka.

Hakunifokea. Alizirudisha zile mbegu kibuyuni, akasema, "Wewe nakula kwenu. Nasaga na jiwe, nakunywa. Sasa kwenu iko wapi?"

Akaketi kwenye tuta, akanieleza polepole kwamba yeye naye hakuzaliwa Mukuju. Alitoka Kwapa, kwa Waiteso, na mwaka wake wa kwanza alilia mpaka mkwe wake akadhani ana ugonjwa wa macho.

"Mimi bado nakumbuka Kwapa kila siku," akasema. "Lakini usikumbuke harufu tu, binti. Kumbuka mikono. Mama yako alikuwa nafanya nini na mikono?"

Tukapanda zile chache penye kichuguu, pakubwa kama mkeka wa kulalia. Sehemu iliyobaki akanimwagia mbegu zake mwenyewe.

Basi palizi ikaja. Kuna gugu linalofanana na wimbi kama pacha, na mwaka uliotangulia lilikuwa limekula nusu ya shamba la boma, kwa kuwa macho ya Mama Othieno hayakulitambua na Akoth hakuwa na subira. Nilichuchumaa katikati ya kijani kile nisijue kipi ni kipi. Nikafumba macho. Safari hii sikutafuta harufu. Nilitafuta vidole vya mama, na vikaja: vinateremka chini kabisa ya shina, vinalipapasa. Gugu ni bapa na limepauka chini, na ukilivuta linang'ang'ania udongo. Nikapapasa. Nikang'oa. Nikamshika Mama Othieno mkono, nikampapasisha naye, kwa kuwa kazi hii haihitaji macho. Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Hata Akoth alikuja kuchuchumaa, akasema kumbe masikio yamerudi, na yamekuja na vidole.

Shamba likatoa. Nikapewa mafiga.

Mwanangu, watu watakuambia usitazame nyuma. Mimi sikuambii hivyo. Anayekumbuka alikopendwa hapotei upesi, hata akiwa kwa wageni. Lakini ukikaa kwenye kumbukumbu ukainywa tu kama uji, itakwisha na njaa utabaki nayo. Waliokulea walikuwa wakifanya jambo. Likumbuke jambo hilo, ulifanye mahali ulipo, na umwonyeshe aliye karibu. Hapo utajua kwa nini uliletwa huko uliko. Mungu akupe kwenu pa kukumbuka, na akupe watu wa kuwafanyia ulichokumbuka. Wakipika wakuite, ukipika waje.

Asubuhi ile waliponiwekea mafiga matatu, wote walikwenda sokoni wakaniacha na kibanda kipya kinachonuka udongo mbichi. Nikakumbuka kwamba mama hakupika hata siku moja akiupa mlango mgongo, ili amwone ajaye kabla hajabisha hodi. Nikainama, nikalisogeza figa moja, kisha la pili. Nikakaa, nikautazama mlango.